Barua ya wazi kwa Mchungaji, mashemasi na kamati ya ujenzi: ukumbi wetu usigeuzwe fremu

Baba Mchungaji, wazee wangu mashemasi, na ndugu zangu wa kamati ya ujenzi,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, matangazo yalipokaribia kwisha, mwenyekiti wa kamati alisimama akatuambia kwamba ukumbi wetu unaotazama barabara utavunjwa ukuta wa mbele, ndani utagawanywa, na zitatoka fremu nane, yaani vyumba vya maduka, za kupangisha. Fundi amekwisha kupima. Tukaombwa tuliweke jambo hilo kwenye maombi, tukaimba wimbo wa mwisho, tukatoka.

Nimeliombea wiki nzima. Baada ya kuomba nimeona niandike, tena niandike mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu ukumbi ule hautumiwi na washirika peke yao. Wanaoingia humo kwa wingi kuliko sisi ni majirani ambao majina yao hayamo kwenye rejista ya kanisa. Hao hawakuwepo Jumapili, hawakusikia tangazo, na hakuna aliyewaomba waombe.

Niliingia ukumbini humo kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Nilikuwa na miaka 16, nimetoka Iramba, Singida, nafanya kazi za ndani Magomeni. Kusoma sikujua. Nikitumwa dukani napewa karatasi, naikabidhi kwa muuzaji kama ilivyo, na chenji naifumba kiganjani bila kuihesabu. Siku moja, saa tisa alasiri, nilipita mbele ya kanisa hili nikasikia sauti za watu wazima wakisema kwa pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Nikasimama mlangoni. Mzee aliyekuwa akifundisha alinitazama, akasogeza watu kwenye benchi, akanionyesha nafasi. Hakuniuliza dini wala kabila. Aliniuliza kazini naruhusiwa kutoka saa ngapi.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwa nini darasa lile lilikuwa saa tisa. Saa tisa ndiyo saa dada wa kazi anapopumua. Vyombo vya mchana vimekwisha oshwa, na moto wa chakula cha jioni haujawashwa. Kuna watu walikaa kikao katika kanisa hili wakajiuliza mfanyakazi wa ndani anapata nafasi lini, kisha wakapanga ratiba yao imfuate yeye. Kila nikifikiria upendo wa kanisa, huwa naanza na hiyo saa tisa.

Yule mzee, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa karani wa reli mstaafu na shemasi wa hapa hapa. Alinifundisha kwa miezi kumi na minne. Barua ya kwanza niliyoandika maishani mwangu ilikwenda kwa mama yangu kijijini, akasomewa na mwalimu wa shule ya msingi, na naambiwa alimwomba mwalimu aisome mara tatu.

Mwaka 1999 nikabatizwa. Wengi wa vijana wetu leo wanavuka kwenda Kigamboni kwa daraja, lakini sisi tulikwenda Feri alfajiri tukapanda pantoni, kila mmoja na kanga zake za kubadilisha kwenye mfuko. Siku ilipangwa kwa kufuata maji, maana bahari yetu ikipwa inakwenda mbali, na mtu huwezi kumzamisha kwenye maji ya vifundoni. Sisi Wabaptisti tunabatiza mtu mwenye akili zake, anayekiri kwa kinywa chake mwenyewe, na tunamzamisha mwili mzima. Niliposhuka majini nilijua ninachokwenda kukifanya, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma kwa macho yangu mawili.

Mwaka 2001 zikaletwa cherehani nne ukumbini, na nikawa katika kundi la kwanza la wasichana waliojifunza kushona. Leo nina banda langu na mafundi wawili ninaowalipa. Wanangu watatu wamesoma kwa sindano. Sasa, wazee wangu, nikiambiwa ule ukumbi utakuwa fremu nane, mnaweza kuona jinsi jambo hili linavyonigusa. Lakini sikuandika ili kusimulia maisha yangu. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa katibu wa idara ya wanawake, na madaftari ya mahudhurio ya ukumbi ninayo mimi. Wiki hii nimeyafungua tena, nikiwa na wasiwasi kwamba kamati ilipopima urefu na upana wa ukumbi haikupata nafasi ya kupima yanayofanyika ndani yake.

Jumanne asubuhi wauguzi wetu wawili wanapima presha na sukari. Jumatano kwaya. Alhamisi vikoba vya akina mama. Ijumaa cherehani. Siku ya msiba wowote mtaani, viti, majamvi, maturubai na masufuria makubwa yanatoka stoo ya ukumbi, na hatuangalii msiba ni wa nani. Ila Jumamosi naomba mniruhusu niiseme kwa kirefu.

Jumamosi iliyopita walikuja watoto 63. Saa kumi na mbili asubuhi mama zetu watatu wanakuwa wameshawasha moto uani. Uji unanywewa kwanza, kabla ya daftari lolote kufunguliwa, kwa kuwa tumeona kwa miaka yote hii kwamba mtoto mwenye njaa hesabu haziingii. Halafu wanagawanywa, wa darasa la pili na la tatu chini kwenye mikeka, wa darasa la nne wanaojiandaa na upimaji wa taifa kwenye benchi za kushoto, wa darasa la saba kwenye meza za nyuma. Wanaofundisha ni walimu wawili wastaafu, vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo, na dada mmoja mfanyakazi wa benki ambaye Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kulala, na bado anakuja.

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia shuleni, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ninyi nyote mnaishi mtaa huu, mnajua madarasa yetu yalivyojaa. Mwalimu mmoja mbele ya watoto zaidi ya mia hawezi kumwona yule aliyekaa nyuma ambaye hajui kutofautisha b na d. Sisi tunamwona. Mwezi wa tatu alikuja mvulana wa darasa la tano asiyeweza kusoma neno "mama" likiwa limeandikwa ubaoni. Shuleni alikuwa akikariri anachosikia wenzake wakisema. Alikaa na mwalimu mstaafu mmoja, peke yao, kila Jumamosi. Mwezi wa nane alisimama akasoma ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la tatu, na wenzake wakampigia makofi bila kuambiwa.

Yuko pia binti wa miaka tisa anayekuja na mdogo wake mgongoni. Mama yao anauza ndizi soko la Mabibo na anatoka nyumbani usiku ili awahi mzigo. Zamani yule binti alikuwa haji, kwa sababu hakuna wa kumwachia mtoto. Mama mmoja wa kwaya akasema, basi aje naye. Tukatandika mkeka pembeni. Sasa wadogo wa mgongoni wamekuwa saba, na tuna mama wawili wa kuwalea mpaka saa sita mchana. Jambo hilo hatukulipanga, lilizaliwa lenyewe, kwa kuwa nafasi ilikuwapo. Kwenye fremu ya mita tatu kwa nne, huo mkeka utatandikwa wapi?

Katika watoto wale 63, nusu na zaidi ni Waislamu. Hili nalisema wazi kwa sababu najua limewahi kuzungumzwa kwenye kamati, kwamba ukumbi unalisha na kufundisha watoto ambao hawatakuja kanisani. Wazee mtakumbuka kwamba wazazi waliwahi kuja na wasiwasi, wakauliza kama watoto wao watafundishwa Biblia bila wao kujua. Suala lilipelekwa kwenye mkutano wa washirika, na mkutano ukaamua: Jumamosi ni hesabu, Kiswahili, Kiingereza na uji. Anayetaka Neno, mlango wa Jumapili uko wazi. Wako waliosema siku ile kwamba tunapoteza nafasi ya kuhubiri. Mimi nilipiga kura ya ndiyo na ningeipiga tena leo.

Ningeipiga kwa imani yangu ya Kibaptisti. Katika darasa la ubatizo tulifundishwa habari za Thomas Helwys. Alikuwa Mwingereza aliyekimbilia Amsterdam pamoja na John Smyth, na huko, mwaka 1609, kundi lao likaanza kubatizana upya kama watu wazima wanaoamini. Baadaye akarudi London akaanzisha kanisa la kwanza la Baptist katika ardhi ya Uingereza, na mwaka 1612 alimwandikia Mfalme James kwamba mfalme ni binadamu afaaye kufa, si Mungu, na hana mamlaka juu ya roho za watu wake. Aliandika kwamba mtu akiwa mzushi, Mturuki, Myahudi au yeyote yule, utawala wa duniani hauna ruhusa ya kumwadhibu kwa imani yake. Na "Mturuki" kwa lugha ya wakati ule alikuwa ni Mwislamu. Helwys alifungwa gereza la Newgate na hakutoka akiwa hai. Yule bibi jirani yetu anayemleta mjukuu wake Jumamosi akiwa amevaa baibui, akamkabidhi kwangu kwa amani, anapokea kitu kilicholipiwa gharama na watu wetu wenyewe miaka zaidi ya mia nne iliyopita. Nisingependa tuwe kizazi kinachomrudisha mlangoni.

Nimemtaja Helwys kwa sababu nyingine pia. Naandika kwa viongozi wangu, na katika mila zetu mtoto hamsemeshi baba yake hadharani. Msinione nimekosa adabu. Nawaheshimu, na wengine wenu mmenibeba wakati wa shida. Nilipofiwa na mume wangu, ni ninyi mashemasi mliolala nje kwangu siku tatu. Lakini mlinifundisha wenyewe kwamba katika kanisa la Baptist neno la mwisho ni la mkutano wa washirika. Kanisa la mahali hujitawala, na linajitawala kwa watu kukaa, kusikilizana na kupiga kura. Fundi amepima kabla mkutano haujakaa. Hilo ndilo lililoniuma hata kuliko fremu zenyewe.

Nendeni tena kwenye Matendo ya Mitume, sura ya sita. Mnaijua kuliko mimi, maana ndiyo inayosomwa kila shemasi anapowekewa mikono. Wajane walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, tena wajane wa watu wa lugha nyingine, wale ambao wenyeji hawakuwaona. Mitume hawakujifungia wakaamua peke yao. Waliita mkutano wote, na mkutano ndio uliochagua watu saba. Ushemasi, wazee wangu, ulizaliwa kwa ajili ya sahani za wajane. Sufuria la uji lililoko uani kwetu ni ndugu wa karibu sana wa kazi yenu kuliko hesabu za pango.

Na sisi hapa Tanzania tulianza hivyo. Wamisionari wa Baptist walipokuja Tanganyika mwaka 1956 walihubiri, ndiyo, lakini Mbeya wakafungua hospitali iliyotibu wagonjwa wa kifua kikuu, na hapa Dar es Salaam wakajenga kituo cha jamii Magomeni. Hata William Carey, aliyekwenda India mwaka 1793, na ambaye kila mwaka tunasimuliwa habari zake, alikuwa fundi viatu. Mimi fundi cherehani nampenda kwa hilo. Alitafsiri Maandiko, lakini pia alifungua shule, na alipinga kwa miaka mingi desturi ya kuwachoma wajane pamoja na maiti za waume zao mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1829. Watu hawa hawakuona Injili na darasa kuwa vitu viwili vinavyogombania jengo moja.

Kuna usiku mmoja ambao baadhi ya wajumbe wa kamati hawakuwepo, kwa kuwa walihamia kanisani kwetu baadaye. Naomba niwasimulie. Ni Desemba 2011. Mvua ilinyesha mpaka Mto Msimbazi ukapoteza kingo zake, na maji yote ya kutoka vilima vya Pugu yakashuka kwetu huku kabla ya kufika baharini Salenda. Watu wa bondeni walikuwa juu ya mapaa ya nyumba zao. Mlinzi wetu alifungua ukumbi usiku ule bila kumuuliza mtu yeyote. Kulipokucha ndani mlikuwa na kaya 23, zimekaa kwenye benchi na sakafuni, wengine hawana hata viatu. Hapakuwa na kikao, wala bajeti. Kila mama alikuja na sufuria lake. Msikiti wa jirani ulileta mchele na magodoro, na vijana wao na wetu walibeba maji pamoja kwa madumu, kwa sababu bomba lilikuwa limechafuka na tuliogopa kipindupindu.

Kaya zile zilikaa siku kumi na mbili. Baadhi walipelekwa Mabwepande serikali ilipogawa viwanja huko, wengine walirudi walikotoka. Yule bibi wa baibui niliyemtaja alilala kwenye kona ya kulia, chini ya ubao, yeye na wajukuu wanne. Tangu mwaka ule, haijapita Iddi hajaleta sinia la pilau kwa mlinzi wetu. Mlinzi alipofariki, analileta kwa mlinzi mpya.

Najua siku hizi nyumba nyingi za bondeni zimevunjwa na wenyewe wamelipwa fidia ili kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi. Huenda mafuriko ya namna ile yatapungua, na tunaomba iwe hivyo. Lakini niliowaona mimi wakilipwa ni wenye nyumba. Wapangaji wao wamesogea tu, wamepanda huku juu kwetu, chumba kimoja watu sita. Mahitaji hayakuhama pamoja na zile nyumba. Kwa hesabu ya madaftari yangu, watoto wa Jumamosi wameongezeka tangu uvunjaji ule.

Niseme kidogo kuhusu Alhamisi, kwa kuwa linahusu fedha na kamati inapenda fedha zitajwe. Mtaani kwetu mikopo ya kausha damu imemaliza watu. Mama anakopa laki moja asubuhi kununua mtaji wa samaki, jioni anaanza kudaiwa, akikwama wanabeba godoro, wanabeba tivii, wanabeba jiko la gesi watoto wakitazama. Vikundi viwili vya vikoba vinavyokutana ukumbini vina akina mama 54, Wakristo na Waislamu, na sanduku lao lina funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu tofauti. Wanakutana kwetu kwa sababu ni mahali pa wazi, hakuna mume wala kijana wa mtaani anayeingia kuwasumbua, na hawalipishwi. Mwaka jana mmoja wao aliokolewa godoro likiwa tayari limepakiwa kwenye bajaji. Wenzake walifungua sanduku palepale, wakalipa deni, wakampangia namna ya kurudisha kidogo kidogo. Amemaliza kulipa mwezi wa pili.

Sasa hesabu za fremu. Siwalaumu kamati kwa kutafuta fedha. Paa la ibada linavuja upande wa kwaya. Posho ya Mchungaji imechelewa mara tatu mwaka huu, na ni aibu yetu sote tuliokaa kimya huku yeye akiendelea kuzika na kufungisha ndoa bila kulalamika. Shida ipo. Ila tuliambiwa ujenzi utagharimu shilingi milioni 38, na kila fremu itapangishwa laki mbili kwa mwezi. Fremu nane ni 1,600,000. Toeni kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokwenda serikalini, inabaki 1,440,000. Basi hata zote zikijaa siku ya kwanza na zisikae tupu hata mwezi mmoja, tutahitaji miezi ishirini na saba kurudisha tu gharama. Na barabara yetu hii, pita kuanzia kituo cha daladala mpaka kwenye daraja, uhesabu fremu zilizobandikwa karatasi ya "inapangishwa". Mimi nimehesabu jana nikitoka dukani, ni kumi na nne. Kwa hiyo paa litaendelea kuvuja miaka miwili mizima, na ukumbi hatutakuwa nao.

Yapo mengine mawili ambayo sikusikia yakitajwa. Kiwanja chetu kimetengwa kwa huduma za dini. Kufanya sehemu yake kuwa ya biashara kunahitaji kibali cha halmashauri cha kubadilisha matumizi ya ardhi, na sijaambiwa kama kimeombwa. La pili ni wapangaji wenyewe. Kila mtu anajua anayekuja na kodi ya mwaka mzima mkononi ni nani. Ni mwenye grosari ya pombe, au mwenye mashine za kamari zile zinazomeza sarafu za watoto wakitoka shule. Mtasema tutawakatalia. Mwaka wa kwanza mtawakatalia. Fremu tatu zikikaa tupu miezi mitano huku deni likidaiwa, sijui kikao kitakuwa na nguvu gani.

Ninachoomba ni hiki. Mwiteni fundi asubiri. Itisheni mkutano wa washirika, utangazwe Jumapili mbili kabla, na hesabu zote zichapwe na kugawiwa ili mtu aje ameshazisoma nyumbani. Washirika wetu wengi si watu wa kusimama na kuuliza maswali papo kwa papo, hasa akina mama wazee, lakini wakipewa karatasi wiki mbili kabla watasomewa na wajukuu wao na watakuja na la kusema. Majirani waalikwe kusema pia, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Kura hawatapiga, hilo naelewa, ila wasikilizwe.

Kwenye mkutano huo idara ya wanawake italeta mapendekezo. Upande wa ukuta wa kaskazini, panapoegeshwa magari manne siku za Jumapili na pamelala bure siku sita, panatosha fremu nne bila kugusa ukumbi. Gharama yake ni ndogo, na kama kibali kitapatikana tunaweza kuchagua wapangaji tunaowataka, kwa mfano duka la dawa au fundi simu. Ukumbi wenyewe ukodishwe Jumamosi jioni na Jumapili baada ya ibada kwa vikao vya harusi na sendoff. Watu wanauulizia kila mwezi nami nimekuwa nikiwajibu hapana, kwa kuwa hakuna utaratibu. Kwa paa, naamini tukifanya harambee ya paa peke yake, siyo ya "ujenzi" kwa ujumla ambao mtu haoni fedha yake imekwenda wapi, bati zitapatikana kabla ya masika. Mimi naanza na bati kumi. Na posho ya Mchungaji iwe ya kwanza kutolewa kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Hilo halihitaji fremu, linahitaji uamuzi.

Mkutano ukikaa, ukasikiliza yote haya, na wengi wakaamua fremu zijengwe, nitanyamaza. Nitahamisha mikeka mimi mwenyewe, na nitatafuta mti wa kufundishia chini yake. Kura ya kanisa naiheshimu, hata ikinishinda. Nisichoweza ni kuwaeleza wale watoto kwamba darasa limefungwa kwa tangazo.

Baba Mchungaji, mwaka ule ulipokuja kwetu ukiwa bado kijana, ibada yako ya kwanza uliifanyia ndani ya ukumbi ule, kwa sababu jengo kubwa lilikuwa linapigwa rangi. Ulihubiri ukiwa umesimama mbele ya ubao ambao ulikuwa na herufi za darasa la kisomo, na uliomba zisifutwe. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nakuomba ukumbuke.

Madaftari yote matatu ya mahudhurio yako kwangu, na yeyote katika kamati anayetaka kuyaona apite bandani wakati wowote, mchana au jioni. Ufunguo wa ukumbi pia bado uko kwangu. Jumamosi hii nitafungua saa kumi na mbili kama kawaida, na wazee wangu, nawakaribisha mje mnywe uji na watoto kabla hamjarudi kwenye kikao.

Wenu katika Kristo,

Mshirika na katibu wa idara ya wanawake
Dar es Salaam